Biskuti za chokoleti zenye aisingi kwa kanivali ya shule: naomba msaada kabla ya Ijumaa

Ujumbe wa kwanza, Jumatatu usiku

Wapendwa, habari za jioni.

Mwanangu wa darasa la pili amerudi na karatasi ya mwalimu: Ijumaa kuna kanivali, watoto watavaa vinyago, na kila mzazi ameombwa kuleta kitu cha kuliwa. Nikajiandikisha kuleta biskuti 30 za chokoleti zenye umbo la kinyago, zilizopakwa aisingi ya rangi, yaani sukari laini iliyokorogwa kwa maji ya kupambia.

Jana nilijaribu nusu ya kipimo. Biskuti zilitanuka ndani ya oveni mpaka matundu ya macho yakaziba. Aisingi nayo ilitiririka hadi kwenye trei, na asubuhi hii nimekuta zimegandana zote ndani ya boksi. Maelekezo niliyofuata ni ya Kimarekani, yanataja vikombe na nyuzi 350. Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali, mtoto ameshawatangazia wenzake.

Mama wa darasa la pili

Jibu, Jumatatu usiku sana

Pole dada, na umefanya vizuri kujaribu mapema. Nimeoka biskuti hizi kwa miaka mingi, na naona makosa yako yote matatu yana dawa.

Tuanze na oveni. Nyuzi 350 hizo ni Farenhaiti, sawa na 175 hivi za Selsiasi. Kama oveni yako ina feni, punguza 20, uweke 155 au 160. Kikombe cha Kimarekani ni mililita 240, lakini unga ukiukandamiza au ukiuchota bila kuukandamiza, uzito unatofautiana sana. Tumia mizani ya jikoni, utapumua.

Kipimo changu: unga wa ngano gramu 280, kakao gramu 45, siagi gramu 225, sukari gramu 200, yai 1, chumvi robo kijiko cha chai, vanila kidogo. Hamna magadi soda wala bekingi pauda, kwa sababu ndizo zinazoinua na kutanua biskuti, na wewe unataka kinyago kibaki kinyago. Siagi iwe laini ya kubonyea kwa kidole, isiyeyuke. Ipige na sukari mpaka zichanganyike tu. Ukipiga sana unaingiza hewa, na biskuti zitavimba halafu zianguke.

Donge likishashikana, ligawe mara mbili, kila nusu uisukume katikati ya karatasi mbili za kuokea iwe na unene wa nusu sentimita, kisha weka kwenye friji saa nzima. Wengi hulipoza donge zima, halafu wanahangaika kusukuma jiwe. Likiwa bapa na baridi unakata moja kwa moja. Ukihitaji kunyunyizia kitu lisinate, nyunyizia kakao badala ya unga, maana unga huacha madoa meupe juu ya biskuti nyeusi. Ukishakata, rudisha trei kwenye friji dakika 15 tena. Siagi baridi huchelewa kuyeyuka, biskuti ikawahi kushikana kabla ya kutanuka. Hapo ndipo macho ya vinyago yako yatakapopona.

Oka dakika 8 hadi 10. Usitegemee rangi, biskuti ya kakao haikuonyeshi kwamba imeiva. Angalia uso wake: ukianza kupoteza mng'ao na kingo zikawa ngumu kidogo, toa. Katikati patakuwa laini bado, pataimarika kwenye trei. Subiri dakika 5, ndipo uhamishie kwenye wavu wa kupozea.

Sasa aisingi. Nadhani ulipaka biskuti zikiwa bado na uvuguvugu, na ulitia maji mengi. Bonyeza kiganja chini ya biskuti. Ukisikia joto lolote, acha. Chukua gramu 250 za sukari ya aisingi, ichekeche, tia vijiko 2 vya mezani vya maji na matone ya limau, koroga, kisha ongeza maji kwa kijiko cha chai kimoja kimoja. Inua kijiko, acha mstari udondoke juu ya bakuli, uhesabu. Ukizama na kupotea kati ya sekunde 10 na 15, iko tayari kujaza. Ukipotea kwa sekunde 5 ni maji, ongeza sukari. Weka kando kiasi kidogo kilicho kizito zaidi, chora nacho ukingo kwanza, uache ushike kidogo, ndipo umwage ile laini ndani yake. Ukingo ndio unaozuia isitiririke.

Halafu ziache wazi usiku kucha, bila kifuniko. Usiziweke kwenye friji: zikitoka, matone ya maji hujikusanya juu yake na rangi zinachuja. Kama utazipanga moja juu ya nyingine, tumia aisingi ya unga wa ute wa yai, hukauka ngumu zaidi. Ute mbichi kwa watoto wa shule hapana, kwa ajili ya bakteria wa salmonela.

Jibu, Jumanne asubuhi

Naongezea upande wa rangi. Nunua rangi za jeli. Zile za maji utazitia nyingi mpaka aisingi irudi kuwa uji. Changanya leo, kesho utakuta imekolea yenyewe, kwa hiyo iache hafifu kidogo kuliko unavyotaka. Zambarau, kijani na dhahabu ni rangi za kanivali ya New Orleans tangu 1872, na juu ya chokoleti zinapendeza mno. Ila zambarau usiianike dirishani. Jua hula wekundu wake, biskuti ikabaki bluu.

Mlio Umoja wa Ulaya, rangi nyeupe yenye E171 (titani dioksidi) imepigwa marufuku kwenye chakula tangu 2022. Msiiagize kutoka nje, aisingi yenyewe ni nyeupe vya kutosha ukiipaka nene kidogo. Na kwa sisi Waislamu: E120 ni rangi nyekundu inayotokana na wadudu, na kimiminika cha vanila mara nyingi kimetengenezwa kwa kileo. Mimi natumia vanila ya unga. Someni kibandiko kabla ya kulipa.

Jibu fupi, Jumanne mchana

Dada, muulize mwalimu kuhusu mzio LEO. Mimi mwaka jana nilirudishwa mlangoni na trei nzima kwa sababu sikuandika viungo, na mwanangu akalia. Bandika karatasi kwenye boksi: ngano, maziwa, yai. Na soma paketi ya kakao na ya mapambo, nyingi zimeandikwa kwamba huenda zina karanga.

Kutoka kwa mwenye swali, Alhamisi usiku

Wapendwa, ahsanteni kwa moyo wote. Nimeoka jana, zimetoka 34, na macho yako wazi yote. Nimeingiza kidole kupima!

Mwalimu amesema kuna mtoto mmoja asiyekula maziwa. Nimemtengenezea biskuti zake 4 kwa majarini isiyo na maziwa, nikazioka kwanza kabla sijagusa siagi, na ziko kwenye kopo lake lenye jina. Ule mtihani wa kuhesabu sekunde umeniokoa. Aisingi ya kwanza ilipotea kwa sekunde 6, nikaongeza vijiko 2 vya sukari ikafika 12. Mwanangu alisimama juu ya kiti akihesabu kwa sauti, kila bakuli.

Sasa hivi zimetandazwa meza nzima, tumekula chakula cha usiku sakafuni. Nimegusa moja ya kijani pembeni, kidole kimetoka kikavu. Aisingi ya dhahabu imebaki nusu bakuli, nimeifunika kwa kitambaa kibichi isishike. Je, itafaa Jumapili kwa keki, au niitupe?