Mrejesho: Lithiamu sasa naandikiwa hospitali ya umma

Niliuliza kama daktari wa umma anaweza kuendelea kuniandikia lithiamu (dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya hisia) niliyoanzishiwa na daktari binafsi wa magonjwa ya akili, maana gharama zilinishinda. Imewezekana, asanteni sana!

Mara ya kwanza nilikataliwa kwa sababu nilikwenda na cheti cha dawa tu. Niliporudi na barua inayotaja ugonjwa, dozi na nani atafuatilia vipimo, daktari alikubali. Hofu yake ilikuwa vipimo hivyo: kiwango cha dawa kwenye damu, figo na tezi ya thairoidi. Damu ya kupima kiwango cha dawa hutolewa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho. Mimi nilikuwa nimemeza asubuhi ileile, ikabidi nirudi kesho yake. Tafadhali, msiache dawa ghafla mkisubiri barua. Daktari binafsi bado namwona, mara chache.