Sabufa imeandikwa wati 5000, nimeifungua nikakuta transfoma ya wati 72

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Miezi minne haijaisha tangu nibebe nyumbani boksi kubwa lenye picha ya spika tano na sabufa, juu limeandikwa 5.1, chini PMPO 5000W. Jumamosi tumekaa na watoto tunaangalia filamu, sauti ikaanza kukwaruza, ikafuata harufu ya kuungua, kisha kimya. Nikarudi kwa muuzaji na risiti na kadi ya waranti. Akaniambia waranti haihusu amplifaya, na kosa ni langu kwa sababu nimefungulia sauti kubwa mno.

Aliyeniuzia wati 5000 ndiye huyo huyo ananiambia nimezidisha sauti sebuleni kwangu! Na haikuwa imefika hata nusu. Nilimwambia hivyo, akageuka kuhudumia mteja mwingine.

Basi kwa kuwa waranti nimeshanyimwa, nikachukua bisibisi nikaifungua. Jamani, nilichokikuta humo ndicho kilichonifanya nianzishe huu uzi.

Transfoma inaenea kiganjani. Ubavuni imeandikwa 12-0-12, ampea 3. Volti 24 mara ampea 3 ni 72. Huo ndio umeme wote unaoingia kulisha spika tano na sabufa, kabla hata ya ule unaopotea kama joto. Kwenye bodi kuna aisii (vipande vidogo vinavyokuza sauti) saba za TDA2030, aina ya zamani ambayo mafundi wote wanaijua. Karatasi ya kiwandani ya aisii hiyo inataja wati 14 kwenye spika ya omu 4. Hata ukizijumlisha zote saba hupati wati 100, na transfoma yenyewe haiwezi kuzibeba zote kwa pamoja. Sasa hizo 5000 zinatoka wapi?

Najua atakuja mtu aseme PMPO ni kipimo cha kilele, kwamba amplifaya inaweza kurusha nguvu nyingi kwa sehemu ndogo ya sekunde kwa umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita. Sawa, hilo lipo. Lakini PMPO haina kanuni yoyote inayokubalika ya kuipima. Kila kiwanda kinaandika namba kinayoipenda. Kinachofaa kusomwa ni RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaitoa mfululizo bila kukatika, na hiyo kwenye boksi langu haikuandikwa popote. Na hata ukiiona RMS, tafuta pembeni yake maandishi madogo ya THD, yaani kiasi sauti inavyoharibika. Ikiwa THD 10%, maana yake namba hiyo imepimwa sauti ikiwa tayari imeharibika, inakwaruza. Marekani waliliona tatizo hili mapema. Tume yao ya biashara, FTC, iliweka kanuni mwaka 1974 kwamba anayetangaza nguvu ya amplifaya ya nyumbani lazima ataje nguvu ya mfululizo pamoja na masharti ya kipimo, na mwaka 2024 wakaikaza zaidi. Sisi wengine tunauziwa 5000.

Na hata hizo wati zingekuwa za kweli, watu hatuambiwi jinsi masikio yanavyofanya kazi. Ukizidisha nguvu mara mbili unapata ongezeko la desibeli 3 tu, ambalo unalisikia kidogo. Ili sauti uisikie imekua maradufu unahitaji nguvu takribani mara kumi. Kwa hiyo mtu anayechagua kati ya boksi la 3000 na la 5000 anachagua kati ya rangi mbili za karatasi.

Linaloniuma zaidi ni hiyo 5.1. Wati ningeweza kusamehe, maana sebule haihitaji nyingi. Nilinunua kwa ajili ya filamu. Nilitaka mvua inyeshe nyuma ya kochi na maneno ya waigizaji yatoke mbele katikati, watoto waache kuniuliza "amesemaje?". Ndiyo kazi ya chaneli tano: kushoto, katikati, kulia na mbili za nyuma, halafu ile nukta moja ni ya mdundo mzito, ule wa chini ya Hz 120. Lakini ili chaneli sita zifike, lazima kuwe na dekoda inayofungua Dolby Digital au DTS (mifumo inayofungasha sauti ya filamu), na njia ya kuipokea kutoka kwenye TV, yaani waya wa optiko au HDMI ARC (tundu la HDMI linalotoa sauti ya TV).

Mashine yangu haina optiko wala HDMI, na dekoda haimo. Nyuma ina AUX, flashi, Bluetooth na matundu sita ya RCA (ya plagi za duara za sauti), lakini TV haina matundu sita ya kuyalisha. AUX ni chaneli mbili tu! Kwa hiyo kinachofanyika humo ndani ni kunakili: ya kushoto inapelekwa spika zote za kushoto, ya kulia vivyo hivyo, na katikati wanazichanganya. Nilicheza sauti ya majaribio inayotaja "nyuma kushoto", ikatoka mbele na nyuma kwa pamoja. Nikatandaza waya chini ya zulia, nikatoboa ukuta ili kusikia kitu kile kile mgongoni. Bluetooth nayo inachelewesha sauti, mdomo unafunga ndipo neno linakuja. Kwa muziki huoni, kwa filamu inachosha.

Sabufa yenyewe ina spika ya inchi 5 ndani ya kasha la mbao nyembamba za kubana. Inadunda noti moja. Gari likipita ni "buum", mlango ukifungwa ni "buum" ile ile. Chini ya hapo hamna kitu.

Na kwa kuwa amplifaya, swichi, rimoti na kila kitu vimekaa ndani ya sabufa, ikifa hiyo zinabaki spika tano ndogo zenye plagi za RCA ambazo risiva ya kawaida (amplifaya yenye dekoda ndani) haizichukui mpaka ukate waya.

Kwa anayesimama dukani sasa hivi akijiuliza anunue au aache: kama ni ya kusikiliza muziki wa simu kwa sauti ya wastani, na RMS imeandikwa wazi, chukua, ila chukua ya 2.1, yaani spika mbili na sabufa. Usilipie spika za nyuma ambazo hazitapata sauti yake. Kama ni ya filamu, achana nayo kabisa. Fedha hiyo hiyo weka kwenye spika mbili tu zilizo na kasha zito na njia ya optiko au ARC. Mbili nzuri zitakupa maneno yanayosikika kuliko sita mbovu. Anayetaka 5.1 ya kweli na mfuko haujatuna, atafute risiva iliyotumika. Hata ya zamani kuliko ARC, iliyokuja mwaka 2009, ukiikuta na tundu la optiko bado itafungua Dolby Digital vizuri kabisa, na spika utaongeza mbili mbili kadri unavyojaliwa.

Ukiwa dukani igeuze nyuma kwanza. Soma kibandiko cha umeme inaokula. Langu lilisema 60W na nililiona nikiwa nimeshailipia. Najua kipimo hicho mara nyingi huchukuliwa sauti ikiwa ya wastani, lakini kutoka 60 hadi 5000 hakuna wastani unaofika huko. Kisha inyanyue. Transfoma ya maana ina uzito wake, yangu niliibeba kwa mkono mmoja.

Sasa naomba msaada wenu wakuu. Kati ya zile aisii saba, mbili za sabufa zimepasuka na kapasita moja imevimba. Fundi ananishauri niweke TDA2050, aisii yenye nguvu zaidi, badala yake. Mimi nadhani kwa transfoma hii nitakuwa naunguza kingine. Aliyewahi kubadilisha aniambie, au nizing'oe tu spika nizifunge kwenye kitu kingine?

Na mwenye sabufa ya namna hii nyumbani, igeuze, uweke hapa namba mbili: ya kwenye boksi na ya kwenye kibandiko cha nyuma.