Toyota IST, Ruashi hadi mjini kila siku: pesa inaishia wapi?

Papa_wa_Ruashi

Jambo kwenu wote. Naomba ushauri wa wanaojua hesabu ya gari.

Gari ni IST ya 2004, moteri 1.3, otomatiki. Njia: natoka Ruashi, hapa Lubumbashi, namshusha mtoto shuleni Kampemba, halafu naenda kazini karibu na Place de la Poste. Kwenda na kurudi kilomita 27, siku 22 kwa mwezi. Esansi (petroli) naweka ya dola 20 kila Jumatatu asubuhi, na Ijumaa jioni mshale umerudi pale pale. Lita nahesabu dola 1.20. Asiransi (bima), vinyeti (kodi ya barabara) na kontrole tekniki (ukaguzi wa gari) kwa pamoja dola 250 kwa mwaka. Mlinzi wa pale tunapoegesha, pamoja na kuosha, dola 15 kwa mwezi. Basi ingenigharimu dola 2 kwa siku, mimi na mtoto.

Gari nilinunua dola 5,000, mshahara ni dola 650. Je, niuze nirudi kwenye basi? Niendeshe siku tatu tu kwa wiki? Au kuna pesa inayovuja mahali nisipoona?

---

Mama_Hesabu

Papa, umeandika vizuri, hesabu inawezekana. Wengi wanakuja na neno moja tu, "gari inakula", bila kilomita wala lita.

Dola 20 ni lita 16.7. Kwa siku tano unatembea kilomita 135. Gawa: lita 12.3 kwa kila kilomita 100. Shika hiyo namba, mafundi wa hapa watakwambia kama ni halali.

Kwa mwezi, esansi ni dola 88. Karatasi za mwaka ukizigawa kwa 12 ni dola 21, mlinzi 15. Hizo unaziona. Sasa zile ambazo haukuandika: vidanji (kubadilisha mafuta ya moteri), tuseme dola 36 kwa mafuta na filta kila miezi sita, ni 6 kwa mwezi. Pine (matairi) nne za dola 60 kila moja, zikitembea kilomita 30,000, ni dola 5 kwa mwezi. Piesi (vipuri) za chini na breki, kwa mashimo ya njia yako, usitenge chini ya 15. Jumla dola 150 kwa mwezi, na bado gari yenyewe inashuka bei. Ukiuza kwa 3,000 baada ya miaka minne, umepoteza 2,000, yaani dola 42 kila mwezi, ingawa hakuna siku utakayozitoa mfukoni.

Kwa siku tatu kwa wiki: watu wanakosea wanapofikiri kwamba kupunguza siku kunapunguza kila kitu. Asiransi haijui kama gari imelala nyumbani. Kinachopungua ni esansi, pine na piesi, kwako dola 108 kwa kilomita 594, karibu senti 18 kwa kilomita. Siku moja ya kuiacha unaokoa dola 4.90, unatoa 2 za basi, zinabaki 2.90. Kwa siku tisa za mwezi ni dola 26. Si kidogo, lakini usiamue kabla ya kujua kwa nini inakunywa lita 12.

---

Fundi_Katuba

Lita 12.3 kwa 1.3 ni nyingi mno. Hata na foleni ya asubuhi kwenye chaussée de Kasenga, IST yenye afya inapaswa kukaa kati ya 8 na 9. Una lita tatu hivi zinazopotea kwa kila kilomita 100.

Kwanza hakikisha kipimo, maana mshale wa tangi si mizani. Jaza hadi bomba la pompi likate lenyewe, usiongeze tone. Andika kilomita. Tembea angalau 200. Rudi pompi ile ile, jaza hadi ikate tena. Lita ulizoongeza, zidisha kwa 100, gawa kwa kilomita. Fanya mara mbili. Na usinunue ya chupa kando ya njia wakati wa kupima: chupa haina lita kamili, na ndani unaweza kukuta petroli imechanganywa na mafuta ya taa.

Halafu angalia gari kwa mpango huu, kuanzia yasiyo na gharama.

Upepo wa pine. Karatasi ya kipimo imebandikwa pembeni mwa mlango wa dereva, kwa kPa. Ikiandikwa 220, ni baa 2.2. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, pine ikiwa baridi. Kwado, fundi wa pine, akipima mchana baada ya mwendo, namba inapanda na unadhani uko sawa.

Breki inayoshika. Tembea kilomita tano ukigusa breki kidogo tu, simama, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ya mbele ikiwa na moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, etriye (kibano cha breki) imekwama. Mara nyingi si etriye yote ya kubadilisha, ni vile vijiti inavyoteleza juu yake vimekauka. Vinatolewa, vinasafishwa, vinapakwa grisi ya breki, na mpira uliopasuka unabadilishwa ili vumbi lisirudi.

Termostati, mlango unaozuia maji yasiende kwenye radiata hadi moteri ipate joto. Hapa ndipo ninapowekea mkono wangu. Kuna tabia mbaya katika garaji zetu: gari ikipata moto mara moja, fundi anang'oa termostati na kusema amemaliza. Moteri inabaki baridi njia nzima, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaendelea kumwaga esansi ya ziada. Kwenye dashibodi yako kuna taa ya buluu ya baridi. Ukiwasha asubuhi na kuondoka, inazima baada ya dakika ngapi?

---

Kalubwe_Diesel

Naongeza juu ya taa. Ukifungua kontakti (kugeuza ufunguo) bila kuwasha moteri, taa ya injini ya rangi ya machungwa lazima iwake. Moteri ikiwaka, inazima. Kama haiwaki kabisa tangu mwanzo, si dalili nzuri: kuna mtu aliyeng'oa balbu au kuifunika ili kuficha kosa. Katika gari za okazyo (zilizotumika) hilo linatokea. Hapo lipa skana (kusoma kosa kwenye kompyuta ya gari) kabla ya kununua piesi yoyote. Sensa ya oksijeni iliyokufa pekee inatosha kuongeza esansi.

Filta ya hewa nayo. Kuanzia mwezi wa tano hadi mvua irudi, vumbi letu jekundu linaijaza haraka. Fungua kila kilomita 2,000, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo. Ukipuliza kutoka nje unasukuma vumbi ndani ya karatasi, na upepo mkali unaitoboa. Halafu hakikisha klipu za boksi zimeshika zote. Boksi iliyopindika inaingiza vumbi moja kwa moja kwenye silinda, na moteri ikianza kula mafuta hautakumbuka kwamba ilianza na klipu.

---

Papa_wa_Ruashi

Aksanti sana. Nimeangalia asubuhi hii. Pine za nyuma ziko 1.6, karatasi inasema 2.2. Rimu zote joto sawa. Taa ya injini inawaka na kuzima vizuri. Lakini ile ya buluu: kutoka nyumbani hadi shuleni ilikuwa bado, imezima ndani ya foleni, dakika ya 17. Nilipofika mahali pa mwendo mzuri ikawaka tena kidogo.

Pia wananiambia niwashe gari dakika kumi kabla ya kuondoka kwa sababu ya baridi. Na mafuta ya moteri niliyowekewa ni 20W-50.

---

Fundi_Katuba

Jibu limepatikana. Taa ya buluu kurudi ukiwa mwendoni inaonyesha maji yanazunguka kwenye radiata bila kizuizi. Termostati haipo, au imekwama wazi.

Nunua yenye namba 82 iliyopigwa kwenye chuma, pamoja na mpira wake mpya wa mviringo. Ichemshe kwenye sufuria kabla haijafungwa: lazima ianze kufunguka kabla maji hayajatokota, na ifunge ikipoa. Isiyofunguka itaua moteri, irudishe dukani. Kwenye kufunga, kile kitundu chenye kipini kinachocheza kiwe upande wa juu, hewa itokee hapo.

Lakini sikiliza, ndugu: kama iling'olewa, kuna sababu. Kabla ya kurudisha, tafuta sababu hiyo, la sivyo wiki ijayo gari itachemka njiani. Acha moteri ikinguruma, gari ikiwa imesimama, hadi ipate joto, feni ya radiata lazima iwake yenyewe. Angalia kama mapezi ya radiata yamezibwa na udongo. Mpira wa kofia ya radiata usiwe umekauka. Na kofia hiyo haifunguliwi moteri ikiwa na moto, hata kwa kitambaa. Ndani weka maji ya radiata yenyewe ya rangi. Maji ya bomba yanaleta kutu inayoziba mishipa ile ile.

Dakika kumi asubuhi, acha. Hata mwezi wa saba, nusu dakika hadi dakika moja inatosha, kisha ondoka taratibu bila kukanyaga sana hadi taa ya buluu izime. Moteri hii ikinguruma bila kutembea inakula karibu lita 0.7 kwa saa, na zaidi ukiwa na klima (kiyoyozi). Dakika kumi kwa siku 22 ni lita mbili na nusu kwa mwezi za kupasha hewa ya Ruashi.

20W-50 ni nzito kwa moteri hii, iliyoundwa kwa 5W-30. Mafuta mazito yanachelewa kufika juu asubuhi na moteri inafanya kazi zaidi kuyasukuma. Ikiwa moteri imechoka na inapunguza mafuta, 10W-40 ni sawa. Inaingia lita 3.7 pamoja na filta. Usimwage bidoni yote ya lita 4 kwa sababu imebaki kidogo. Pima kwa kijiti, iliyozidi inapigwa hadi inatoa povu.

---

Mama_Hesabu

Juu ya vidanji, usingoje kilomita 5,000. Kilomita hazihesabu foleni: gari inasimama, moteri inazunguka, kaunta haisogei. Kwa njia yako fanya kila 4,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia. Kwa kilomita 594 kwa mwezi miezi sita itatangulia, kwa hiyo zile dola 6 zinabaki.

Sasa hesabu mpya. Ukishuka hadi lita 9, esansi ni dola 64 badala ya 88, na jumla inakuwa 126. Faida ya kuacha gari siku mbili kwa wiki nayo inashuka, kutoka dola 26 hadi kama 16. Ndiyo maana nilisema usiamue kwanza. Kwa dola 16, mtoto kusimama kwenye foleni ya basi saa kumi na mbili asubuhi mara tisa kwa mwezi, mimi nisingechagua hivyo. Kuuza kunakupa dola 82 taslimu kila mwezi baada ya kulipa basi, na zile 42 za kushuka bei zinakoma. Hilo ni la kufikiri kama una deni au unajenga.

---

Kalubwe_Diesel

Kuna njia ya tatu: jirani wawili wanaofanya kazi mjini, kila mmoja akitoa dola 1 kwa siku kuchangia esansi. Ni dola 44 kwa mwezi. Lakini soma karatasi ya asiransi yako: ikiandikwa matumizi binafsi, usiokote watu njiani kwa nauli. Siku ya ajali asiransi itauliza walikuwa nani na walilipa nini. Jirani wa kudumu wanaochangia, sawa; na mkubaliane saa ya kuondoka, anayechelewa apande basi. Watu wawili nyuma wakizidi, upepo wa nyuma usiwe chini ya karatasi hata kidogo.

---

Papa_wa_Ruashi

Nimeelewa. Jumamosi napeleka garaji. Pine za nyuma zimelika pembeni zote mbili, katikati bado nzuri. Kuna za okazyo kutoka Japani kwa nusu bei, nichukue?

---

Fundi_Katuba

Kulika pembeni mbili katikati ikibaki ni upepo mdogo, siyo paralelisme (magurudumu kutonyooka). Jaza 2.2 na uzitumie bado, mradi meno ya pembeni hayajafika kwenye alama ndogo zilizo ndani ya mifereji.

Ukifika kwenye za okazyo, tafuta neno DOT ubavuni na namba nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zaidi ya miaka sita, acha, hata kama meno yanang'aa. Kunja ubavu kwa mikono; ukiona nyufa nyembamba kama za udongo mkavu, itapasuka kwenye shimo la kwanza la mvua.

Ukitoka garaji, pima upya lita kwa kujaza hadi ikate, mara mbili, na uweke namba hapa.