Fundi wa kijijini au chuo cha wilaya: vijana wetu wajifunzie wapi?

Ndugu zangu, Serikali imekwisha kuamua kwamba kila wilaya ya Tanzania Bara iwe na chuo cha VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na wengi wanaamini kuwa majengo hayo yakikamilika, kijana wa kijijini atakuwa amepata mkombozi. Vyuo navikubali, ila nina shaka kama vitamfikia kijana ninayemfikiria mimi.

Tuitazame Mufindi, mkoani Iringa, ambako misonobari na milingoti ndiyo akiba ya kaya nyingi. Mbao hupasuliwa, hupakiwa kwenye malori na kupelekwa Dar es Salaam, huku kijana aliyekulia katikati ya miti hiyo akiambulia ujira wa kubeba magogo. Akitaka kujifunza useremala chuoni, ada ni sehemu tu ya mzigo: kuna nauli, chakula na malazi, na nyumbani mikono yake itakosekana msimu wa kupalilia. Nimewaona waliovumilia hayo yote wakarudi na cheti mkononi, lakini bila randa wala msumeno, na mwaka haukuisha kabla hawajageukia bodaboda. Mikopo ya halmashauri ipo, kwani asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengwa kwa ajili ya vijana, lakini hutolewa kwa vikundi, na seremala aliyerudi peke yake hana kikundi.

Pendekezo langu ni kwamba kijana aanzie kwa fundi wa kijijini kwake, kwa mkataba unaoshuhudiwa na serikali ya kijiji, na akimaliza akabidhiwe vifaa vya kuanzia. VETA tayari ina utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi, ambao fundi aliyejifunzia kazini hupimwa, huongezewa anachopungukiwa na kupewa cheti. Basi utaratibu huo utumike kumpima kwanza fundi mwenyewe, kisha mwanagenzi wake. Fedha zitoke kwenye tozo ya kuendeleza ujuzi wanayolipa waajiri, hata kama kiwango chake kilishushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara.

Wapo watakaosema kwamba fundi wa kijijini hurithisha makosa yake. Hoja hiyo ni nzito, na kwa umeme wa majumbani naikubali moja kwa moja, kwa sababu waya uliofungwa vibaya huteketeza nyumba pamoja na waliomo. Fani hiyo ibaki chuoni.

Linaloninyima usingizi zaidi ni la mabinti. Sitamshauri mzazi yeyote amwache binti wa miaka 17 peke yake katika karakana ya wanaume bila msimamizi, na wala sikubali kwamba suluhisho ni kumsukumia kwenye cherehani kila mara. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 na sasa ni zaidi ya 50, vimekuwa vikiwapokea hata akina mama vijana pamoja na watoto wao. Huko ndiko ningependa mabinti waanzie.

Limebaki jambo moja ambalo sijalipatia jibu, nami naomba mnisaidie. Kijiji chenye wateja wa kumtosha seremala mmoja kitampa nini fundi huyo, hata akubali kwa moyo mweupe kumfundisha mshindani wake wa kesho?