Padi ya PS4 kwenye kompyuta: nitumie niliyonayo, ninunue nyingine, au nibaki na kibodi?

Mtoto_wa_Chumbageni

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha.

PS4 yetu ya nyumbani iliharibika mwaka jana na fundi akasema bodi yake haitengenezeki, lakini padi zake mbili za kuchezea zimebaki. Nina kompyuta mpakato ya Windows 10 ambayo mchana ni ya masomo, na jioni ninachezea Euro Truck Simulator 2 (ya lori), EA Sports FC (ya mpira) pamoja na mdogo wangu, na hivi karibuni nimeanza Valorant (ya risasi) kwa sababu wenzangu wa chuo wote wako huko. Hadi sasa ninatumia kibodi, na kwenye lori ninateseka sana: nikibonyeza kitufe cha kukata kona, gari linakata kwa ghafla, nikikiachia linanyooka, na trela limeshapinduka mara nyingi kiasi kwamba nimeanza kukwepa mizigo mirefu.

Jana nilichomeka padi moja kwa waya wa simu yangu ya zamani. Taa yake iliwaka rangi ya machungwa, ikaanza kuchaji, lakini kwenye kompyuta hakikuonekana chochote. Rafiki yangu anasema padi za PlayStation hazikutengenezwa kwa ajili ya kompyuta na ni lazima ninunue ya Xbox. Je, ni kweli? Na kwa gemu hizo tatu, padi itanisaidia, au nitakuwa nimeruka majivu na kukanyaga moto?

Fundi_Waya

Ndugu, usinunue chochote kabla hujabadilisha huo waya. Waya nyingi za bei ndogo zimetengenezwa kwa kuchajia tu. Ndani zina nyuzi za umeme lakini hazina nyuzi za kupitishia data, kwa hiyo padi inashiba chaji huku kompyuta haijui kama kuna kitu kimechomekwa. Tafuta waya wa micro-USB ambao umewahi kuhamishia picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta, kwa sababu huo tayari umeshajithibitisha. Ukishauchomeka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kisha Enter. Padi ikionekana kwenye orodha, kwa kawaida kwa jina la Wireless Controller, fungua sehemu ya sifa zake. Utaona kisanduku chenye alama ndogo ya msalaba inayofuata mwendo wa analogi ya kushoto, yaani kile kijiti kinachosukumwa kwa kidole gumba. Isukume pande zote, iachie, na uangalie kama alama inarudi katikati na kutulia.

Rafiki yako amesema nusu ya ukweli. Mwaka 2005, pamoja na Xbox 360, Microsoft ilileta utaratibu unaoitwa XInput ambao gemu za Windows huutumia kusoma padi, na gemu nyingi zilizotengenezwa baadaye zinatarajia padi inayojitambulisha kwa njia hiyo. Padi yako, DualShock 4, inajitambulisha kwa njia nyingine, ndiyo maana Windows inaweza kuiona huku gemu ikiipuuza. Kinachotakiwa ni mkalimani katikati. Ukifungulia gemu kwenye Steam, ile programu ya kununulia na kufungulia gemu za kompyuta, kazi hiyo inafanywa na Steam yenyewe, ambayo inazitambua DualShock 4 tangu mwishoni mwa 2016. Nje ya Steam kuna programu ya bure inayoitwa DS4Windows.

Chagua mkalimani mmoja tu. Niliwahi kuletewa kompyuta ambayo mwenyewe alilalamika kwamba kwenye menyu akibonyeza chini mara moja, inaruka mistari miwili. Alikuwa tayari kutupa padi nzima. Wakalimani wote wawili walikuwa wamewashwa, na gemu ilikuwa inaona padi mbili mkononi mwa mtu mmoja. Nilipofunga DS4Windows tatizo likaisha papo hapo.

Jambo moja la kuzoea: gemu nyingi zitakuandikia A, B, X na Y kwenye skrini. Kwenye padi yako A ni msalaba, B ni duara, X ni mraba na Y ni pembetatu. Siku ya pili hutafikiria tena.

Dereva_wa_Mizigo

Ninachezea Euro Truck Simulator 2 kwa padi kama hiyo kwa mwaka wa tatu sasa, na kwa gemu hii sina shaka hata kidogo kwamba unapaswa kuitumia. Kitufe cha kibodi kinajua mambo mawili tu, kimebonyezwa au hakijabonyezwa, wakati kona ya barabara kuu inataka usukani uguswe kidogo na kushikiliwa hapohapo kwa sekunde kadhaa. Analogi inakupa hicho kidogo. R2 na L2, vile vitufe vya nyuma vya mafuta na breki, navyo vinasoma kina cha kidole, kwa hiyo unaweza kuachia mafuta taratibu unapoteremka mlima badala ya kukata na kuwasha.

Usikate tamaa siku ya kwanza, kwa sababu mipangilio ya mwanzo inaweza kukufanya uone lori linayumba barabarani kama limelewa. Ingia kwenye mipangilio ya vidhibiti, chagua kibodi pamoja na padi, punguza wepesi wa usukani, na uongeze ile mipangilio inayofanya usukani uwe mpole karibu na katikati na mkali zaidi pembeni. Mimi ilinichukua jioni mbili, nikipita barabara ileile na kurekebisha kidogo kidogo, mpaka siku moja nikarudisha trela nyuma hadi kwenye eneo la kupakulia bila kuligonga. Kibodi iache karibu yako, kwani taa, waipa na breki ya maegesho ni vitu vingi kuliko vitufe vya padi.

Kwenye mpira pia utaona tofauti: kwa kibodi mchezaji anakimbia pande nane tu, kwa analogi anakwenda upande wowote utakaomwelekeza.

Jicho_la_Mwewe

Ninakubaliana na waliotangulia kuhusu lori na mpira, lakini kwa Valorant jibu ni fupi: toleo la kompyuta halichezwi kwa padi. Hata kwenye gemu nyingine za kulenga shabaha zinazoikubali, ningekushauri ubaki na mausi. Mausi inaiambia gemu igeuke umbali gani. Mkono ukisimama, na jicho linasimama. Analogi inaiambia igeuke kwa kasi gani, kwa hiyo unasubiri ifike pale unapotaka na kuiachia kwa wakati sahihi, ukitumia kidole gumba ambacho nafasi yake ya kusogea haizidi sentimita chache. Ndiyo sababu gemu nyingi za risasi zinawapa wenye padi msaada wa kulenga. Kama una fedha ya kununua kitu kimoja, kwangu ingekuwa mausi nzuri na kitambaa chake.

Mtoto_wa_Chumbageni

Nawashukuru sana. Nimeazima waya wa jirani, na padi imeonekana mara moja; nimeendesha lori saa nzima kupitia Steam bila kupindua. Ile ya pili, ambayo ni ya mdogo wangu, inaonekana pia, lakini alama kwenye kisanduku haitulii katikati, na kwenye mpira mchezaji wake anatembea mwenyewe kuelekea kushoto. Je, niitupe?

Fundi_Waya

Usiitupe kwanza. Chini ya analogi kuna sehemu inayosuguana kila unapoisukuma, na ikishalika au kuingia vumbi inatoa taarifa za uongo hata kama hujaigusa. Jaribu kuongeza eneo la katikati lisilosomwa kwenye mipangilio ya padi ndani ya Steam, taratibu, mpaka mchezaji asimame. Ukilazimika kulipanua sana, mdogo wako atapoteza ile miguso midogo, na hapo mpelekee fundi anayejua kuchomea abadilishe analogi yenyewe, maana bodi na vitufe vingine bado ni vizima.

Ukija kununua padi, uliza kama analogi zake zinatumia sumaku, kwani hizo hazina msuguano wa namna hiyo. Na ukipewa ya Xbox One iliyotumika kwa ahadi kwamba ina Bluetooth, angalia plastiki inayozunguka kitufe kikubwa cha Xbox: ikiwa ni kipande kimoja na uso wa padi, Bluetooth ipo, ikiwa imeungana na vile vitufe vya juu vya mabegani, haipo, na utahitaji waya au kifaa chake maalumu cha kuchomeka kwenye USB. Nenda na kompyuta yako dukani, fungua joy.cpl mbele ya muuzaji, na uitazame ile alama kabla hujalipa.