Msaada wakuu: usingizi unanimaliza kazini, nisaini mkataba mpya au niache?

Mwana_Ujiji: Wakuu habari zenu. Mimi ni rubani msaidizi, narusha ndege ya mizigo nje ya nchi, sasa hivi nipo likizo nyumbani Ujiji. Ratiba yetu ni usiku, unaingia saa nne unatoka saa mbili asubuhi, keshokutwa wanakupanga mchana halafu usiku tena, yaani mwili haujui lini ulale. Hata hapa kwa mama nalala saa tatu asubuhi, saa tano macho kodo. Wanataka nisaini miaka miwili mingine kabla ya Ijumaa. Nifanyeje?

Sokoni_Mwanga: Saini mkuu, ajira hamna. Mdogo wangu ana digrii anauza vocha stendi.

Mama_Migebuka: Mwanangu sali kabla ya kupanda, na kahawa uache.

Mzee_wa_Gia: Nimeendesha basi la Dar miaka mingi. Usingizi mbaya ni ule wa saa kumi alfajiri, macho yako wazi ila huoni. Siku moja karibu na Nguruka niliona ng'ombe wamejaa barabarani nikakanyaga breki abiria wakaangukiana, kushuka hamna hata mbuzi. Kijana, kuna kitu hujasema.

Mwana_Ujiji: Sawa mzee. Mwezi uliopita tulilala wote wawili. Kapteni alikuwa anapumzika, mimi ndo nilitakiwa niwe macho. Nakumbuka mstari mwekundu wa alfajiri kwenye kioo, baada ya hapo nasikia tunaitwa redioni, na sehemu ya kuanza kushuka tumeshaipita. Kapteni akasema hili linabaki humu humu. Sijaripoti. Msinihukumu, mkopo wa chuo mama kaweka nyumba dhamana.

KGM_Damu: Chai hii. Walale wote ndege iende yenyewe? Tena kapteni analala kazini kwa ruhusa?

Fundi_Mbawa: Sio chai. Januari 2024 huko Indonesia ndege ya Batik Air ikitoka Kendari kwenda Jakarta marubani wote wawili walilala dakika 28, ina abiria 153, ikatoka kwenye njia yake, ila walitua salama. Msaidizi alikuwa na mapacha wachanga nyumbani. Na Marekani ile sheria ya 2014 ya mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, ndege za mizigo waliziacha nje.

Mwana_Ujiji: Na kulala kwa zamu kitini Ulaya inaruhusiwa, Marekani ndo hapana. Kwetu ruksa, kwa hiyo kapteni hana kosa la kulala, kosa ni langu. Nilishaamua nisaini ninyamaze nimalize deni.

Mzee_wa_Gia: Baada ya Nguruka na mimi nilinyamaza. Utingo wangu aliniona nikisinzia, akanyamaza pia. Wiki mbili mbele tukaingia mtaroni alfajiri hiyo hiyo. Utingo leo anatembelea mguu mmoja, na kila Idi ananiletea salamu kama vile sikumfanya kitu.

KGM_Damu: Mzee pole. Dogo samahani.

Mwana_Ujiji: Fomu ya ripoti ya uchovu nimeifungua hapa. Swali la kwanza, ulilala masaa mangapi kabla ya zamu. Nimeandika mbili. Chini wanataka jina la niliyekuwa naye, hapo ndo mkono umegoma. Wakuu, naruhusiwa kupaacha wazi?