Tupeane uzoefu: ndoa imekufa, nyumba iko kwa deni la banki

Mama wa Keshero
Wapendwa, leo asubuhi kule Katindo, hapa Goma, nimekuta vitanda na masufuria nje barabarani, polisi wamesimama, wisie wa mahakama ana karatasi zake mkononi, na mama mmoja amekalia godoro. Jirani ananiambia waliachana na bwana, bwana akaacha kulipa deni, banki ikauza nyumba. Tangu hapo moyo hautulii. Na yetu iko na ipoteki, imewekwa dhamana banki, na kesi ya talaka iko mahakamani. Mliopitia haya, mlifanyaje? Banki iliwasikiliza? Msiniambie niombe tu. Kuomba naomba.

Nyota ya Ndosho
Mama, umenigusa penye kidonda. Nitaandika ndefu, mnivumilie.

Sisi tulifunga ndoa komini, kwenye ofisi ya serikali, kwa ule mpango kwamba mali mnayochuma pamoja ni ya wote wawili. Nyumba tulijenga Ndosho, msingi wa mawe ya volkano, mimi mwenyewe nikipikia mafundi. Sertifika, hati ya nyumba, ikatoka kwa jina la bwana, kama kawaida ya hapa kwetu. Mwaka 2017 akachukua mkopo anunue gari la kubeba viazi kutoka Masisi. Mimi nilijua gari. Ipoteki sikuijua.

Talaka ilitoka 2019. Mahakama ikaniacha ndani ya nyumba na watoto. Kwenye hukumu nzima hakuna mstari hata mmoja unaotaja deni. Bwana akasema mbele ya wazazi wangu: "Anayelala ndani njo atalipa." Kuanzia pale hakupeleka tena hata dola moja banki.

Ikawa kimya, mimi nikadhani mambo yanaenda. Siku moja natoka soko la Alanine, namkuta binti yangu amekaa kwenye ngazi, karatasi iko mapajani. Wisie alikuwa amepita. Ilikuwa Kifaransa kitupu, akaanza kunisomea. Akifika penye neno gumu ananyamaza, anaweka kidole juu yake, halafu anaendelea. Alipofika palipoandikwa siku 20 za kulipa akanitazama: "Mama, wanatufukuza?" Nilikuwa bado nimebeba mfuko wa sombe. Sikuutua mpaka alipomaliza ukurasa wa mwisho.

Kesho yake nikaenda banki na hukumu yangu ya talaka, nikidhani nimeshika silaha. Yule kijana wa ofisi ya mikopo aliisoma kwa heshima, akanirudishia. "Mama, banki haikufunga ndoa na nyinyi, na haijaachana na mtu. Sisi tunasoma mkataba."

Avoka, wakili wangu, ndiye aliyenituma kwa konservateri wa hati za ardhi, niombe kopi ya sertifika yote, mbele na nyuma. Nyuma ndipo ipoteki imeandikwa. Tukaomba na mkataba wenyewe. Kuna sahihi mbili. Ya bwana naijua. Ya pili ni jina langu, lakini mkono si wangu. Mimi jina langu naliandika limelala, herufi ya mwisho inashuka chini. Ile ilisimama wima kama ya mwanafunzi. Na ile tarehe mimi nilikuwa maternite. Fishi ya kujifungua ninayo, na mhuri wake. Kuna mwanamke aliyekaa kwenye kiti mbele ya watu wa ofisi akaitwa kwa jina langu akaitika, wakati mimi niko kwenye uchungu wa mtoto wa huyo huyo bwana. Deni limeisha, lakini hilo bado halijanitoka.

Tulipeleka mambo yote kwa maandishi TGI, ile mahakama kubwa, kabla ya kile kikao kinachotangulia mnada. Ukichelewa pale, avoka alisema, hata ukiwa na haki hawakusikilizi. Jaji akasimamisha mnada ili sahihi ichunguzwe. Banki ilipoona fishi ya maternite ikaanza kuongea vizuri. Gari likauzwa kwanza. Deni lililobaki nilikubali kulilipa kidogo kidogo, nikapangisha vyumba vya mbele, mtu akafungua duka la dawa. Nyumba haikuuzwa. Ila mpaka leo sertifika bado ina jina lake.

Fundi wa Mabanga
Banki haikufunga ndoa na nyinyi. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi. Hayo hayo kabisa.

Dada wa Himbi
Nyota, pole sana. Kuraji mama yangu.

Dereva wa Sake
Tunasikia upande mmoja hapa. Na sisi wanaume tusemeje? Mimi mahakama imempa mama watoto nyumba, deni limebaki kwangu lote. Nalala Mugunga kwenye nyumba ya mbao ya kupanga, mvua ikinyesha nahamisha kitanda, na kila mwisho wa mwezi mshahara unakatwa kulipia nyumba ambayo sina hata funguo yake. Nikiacha kulipa wanasema nimefanya makusudi. Nikilipa hakuna anayeona.

Dada wa Himbi
Kaka, watoto ni wa nani? Si wanalala mle?

Dereva wa Sake
Wangu, na nawapenda. Lakini na bwana mwingine analala mle, na huyo si mtoto wangu.

Dada wa Himbi
Hayo ya bwana mwingine yanahusu nini na banki! Kila mazungumzo ya wanawake lazima mtuletee habari za kitandani.

Muzee wa Birere
Wanangu, heshima. Dereva anasema ukweli wake na Nyota amesema wa kwake. Deni moja linaweza kuumiza watu wawili.

Metre mdogo
Mimi ni avoka, kijana bado, lakini kesi hizi nazishika. Niseme machache.

Kode, yaani sheria, ya familia ya 1987, ilivyorekebishwa 2016, inadai wote wawili wakubali kabla nyumba haijawekwa ipoteki, hata kama sertifika ina jina la mmoja tu, na hata kama nyumba ni mali yake binafsi. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: nani alitia sahihi? La pili: lini? Kama ulitia sahihi mwenyewe mkiwa bado pamoja, talaka haifuti kitu. Banki inabaki na haki yake, na nyinyi mnabaki kudaiana wenyewe kwa wenyewe.

Talaka inakwenda mahakama ya amani. Kukamata nyumba kunakwenda TGI. Hawa wawili hawaongei kama hakuna mtu wa kuwaongelesha. Mama wa Keshero, kwa kuwa kesi yako bado iko wazi, avoka wako aombe sasa hivi hukumu iseme nani analipa deni la nyumba. Haitaifunga banki, lakini itakupa nguvu ya kumshtaki bwana akikuachia mzigo.

Na taratibu za kukamata nyumba ni za OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, ambao Kongo yetu iliingia 2012. Maandishi yale ya 1998 yalirekebishwa 2023. Hakikisha avoka wako anasoma mapya.

Kijana wa Majengo
Dawa ni moja. Ficha sertifika. Bila karatasi watauza nini?

Metre mdogo
Usimdanganye mama. Ipoteki iko kwenye kitabu cha konservateri. Unaficha kivuli.

Kijana wa Majengo
Basi ampangishe meneja wa banki chumba kimoja, tuone kama atamfukuza baieri, mwenye nyumba wake.

Mwana Buhene
Nilikuwa nasoma tu kimya lakini nimeshindwa. Nyumba yangu ilikuwa Buhene. Ilikuwa na ipoteki, na mimi na mama watoto tulikuwa tumeshaachana, tunangoja kuigawana. Tarehe 22 Mei 2021, ile jioni mnaijua, volkano ya Nyiragongo ililipuka, anga likawa jekundu. Nilikuwa napanga mjini. Nikakimbilia kule, kwa sababu watoto walikuwa ndani na mama yao.

Nikawakuta njiani. Mama watoto amemfunga mdogo mgongoni, yule mkubwa amebeba televisheni. Tukasimama pamoja, watu ambao tulikuwa tumekaa miezi bila salamu, tukaona paa linawaka. Moto haukukimbia. Ulikuja polepole, ukaingia kwenye ukuta wa jikoni kwanza, halafu mabati yakajikunja. Asubuhi hapakuwa na ukuta wala mlango. Jiwe jeusi tu, linatoa moshi, juu kuliko kichwa changu.

Na banki? Mwezi uliofuata banki ikaita. Deni liko pale pale. Nikawaambia njooni mkamate, nitawaonyesha mahali. Walituma mtu kweli, akasimama juu ya jiwe na viatu vyake vya ofisi, akapiga picha, akaondoka. Ipoteki ilibaki juu ya parseli, kile kiwanja, ila nani atanunua jiwe? Na mama watoto naye bado alikuwa anadai nusu yake ya nyumba, kwa sababu iko kwenye hukumu.

Dada wa Himbi
Yesu Maria.

Fundi wa Mabanga
Asiransi, bima, hukuwa nayo?

Mwana Buhene
Kulikuwa na asiransi ya mkopo, ya mtu kufa. Mimi sikufa.

Mtoto wa Virunga
Tarehe 22 sisi tulikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, mama yangu na kisukari chake, tukalala chini pale mpakani. Na tarehe 27 walipotangaza kuhamisha watu wa makartie, mitaa, 10 tukaondoka tena, safari hii Sake.

Dereva wa Sake
Tuliwabeba wengi siku ile. Sitaki hata kukumbuka barabara ilivyokuwa.

Fundi wa Mabanga
Na 2002 je? Mimi nilikuwa mtoto, tulikuwa tunatembea juu ya lava, ndala zinayeyuka.

Mama wa Keshero
Wapendwa, nawaheshimu, lakini turudi kwenye nyumba. Mwana Buhene, mliishaje na banki?

Mwana Buhene
Walipunguza riba, wakarefusha miaka. Ilibidi tuende wote wawili, mimi na mama watoto, tukae mbele ya meza moja. Nilipokuwa naenda peke yangu hawakunisikiliza. Tulipoingia pamoja, wakaita mkubwa wao. Nalipa mimi, yeye ameacha kudai ile nusu, parseli tutawaachia watoto.

Mama wa watoto wanne
Ninyi mna hukumu, mna sahihi. Mimi tulioana nyumbani, mahari ilitolewa, ng'ombe walifika kwa baba yangu, komini hatukwenda. Alipokopa kwa wale wa lamberi, wakopeshaji wa mtaani, akaandika karatasi ya kuuza nyumba, eti ni dhamana. Siku ya kulipa ilipopita wakaja na karatasi: "Alishatuuzia." Mimi nilinunua mabati ya ile nyumba kwa kuuza samaki wa Kituku. Nilitoka na masufuria.

Muzee wa Birere
Hao wa lamberi ni wabaya kuliko banki. Banki angalau inakupa wisie.

Metre mdogo
Mama, uchungu wako naujua, wako wengi kama wewe. Ndoa ya nyumbani inatakiwa iandikwe komini. Wanaosoma hapa na mahari imeshatolewa, nendeni mkaiandikishe mkiwa bado mnapendana. Kuhusu lamberi: nyumba ya kuishi haichukuliwi kwa makubaliano ya karatasi tu kwamba usipolipa inakuwa yangu. OHADA inakataa. Ndiyo maana wanaandika "mauzo" badala ya mkopo. Kama kuna mashahidi kwamba pesa ilikuwa ya kukopa, ama karatasi za riba, mahakama inaweza kuusoma mkataba ule kwa jina lake la kweli. Usikae. Nyumba ikipata sertifika mpya kwa jina la mwingine na miaka 2 ikapita, unabaki kudai fidia tu.

Mama wa watoto wanne
Mashahidi wapo. Mmoja alihamia Bukavu.

Metre mdogo
Mtafute.

Mwalimu wa Himbi
Mimi langu ni la juzi. Baada ya talaka nilikubali kulipa deni mwenyewe ili nyumba ibaki, na nilikuwa nalipa vizuri. Januari 2025 vita ilipoingia mjini, mabanki ya Goma yakafunga milango. Mshahara ukakwama, na hata ningekuwa nao, ningelipia wapi? Riba inaendelea kuandikwa au imesimama? Nilituma barua kwa ofisi yao kuu Kinshasa, nikaomba jibu la maandishi, nakala naitunza pamoja na sertifika. Yeyote mwenye deni afanye hivyo. Siku watakaposema hukulipa, uwe na karatasi inayoonyesha ulitaka kulipa.

Dada wa Himbi
Hili zuri. Mimi ningesema uza tu mapema. Kuuza mwenyewe unachagua bei. Mnadani wanakutupia bei ya kukimbia.

Nyota ya Ndosho
Uza uende wapi na watoto? Mimi nasema pigana.

Dada wa Himbi
Wewe ulikuwa na fishi ya maternite, dada. Wengine hatuna. Mimi niliuza, banki ikachukua yake, iliyobaki nikanunua kaparseli Mugunga. Nalala usingizi.

Dereva wa Sake
Metre, na mimi nijibu basi. Kama mama watoto anakaa na bwana mwingine, naweza kuomba tuuze, kila mtu achukue chake?

Metre mdogo
Inategemea hukumu ilisema nyumba ni yake au ilimpa kukaa tu kwa ajili ya watoto. Ni vitu viwili tofauti. Kama ni kukaa tu, mgawanyo bado haujafanyika na unaweza kuuomba. Nitumie ukurasa wa mwisho wa hukumu, ule wenye "kwa sababu hizi". Wengine wote muwe na vitu vitatu mkononi kabla ya kumtafuta avoka yeyote: hukumu, mkataba wa mkopo, na kopi ya sertifika pande zote mbili.

Mama wa Keshero
Kesho asubuhi nakwenda kwa konservateri. Nyota, ofisini pale wanataka bwana awepo, ama naweza kuomba kopi peke yangu?

Nyota ya Ndosho
Mimi nilikwenda na avoka na kartela ya ndoa, ile hati ya komini. Beba kartela. Na usiondoke bila risiti.